Shairi Lililovuliwa Maneno: Nyimbo za The Beatles katika Gitaa Kavu

Katika ushairi wetu ipo sanaa ya kuingia nyumba ya mtu mwingine kwa adabu, nayo ni takhmisa. Mshairi huuchukua utungo wa mwenziwe, aghalabu wa mtu aliyekwisha kufariki, akatanguliza mishororo mitatu yake kabla ya kila vipande viwili vya asili, hata ubeti ukatimia watano. Sharti ni kwamba maneno ya mwenye nyumba yabakie kama yalivyo, na mgeni ajipange kwa vina alivyovikuta. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, katika takhmisa ya utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Anayeisoma huzisikia sauti mbili kwa pamoja, na hakuna inayoizima nyenziwe.

Makala haya yanahusu sanaa iliyo ndugu ya takhmisa lakini inayokwenda kinyume chake, kwani badala ya kuongeza hupunguza. Ni sanaa ya kuzichukua nyimbo za The Beatles, kundi la roki la vijana wanne wa Liverpool, na kuzipiga kwa gitaa moja kavu, bila ya mwimbaji, bila ya ngoma, bila ya gitaa la besi. Hapa mgeni huyaondoa maneno ya mwenye nyumba yote, kisha akadai kwamba nyumba ingali imesimama. Kwa msomaji wa mwambao, aliyelelewa akijua kwamba wimbo ni shairi kwanza na sauti baadaye, swali huja lenyewe: wimbo ukivuliwa maneno, hubakia nini cha kuitwa wimbo?

Pingamizi la kwanza tunalo sisi wenyewe. Katika taarabu ya Unguja, tokea zama za kale za Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, bashrafu hupigwa mwanzoni mwa onyesho, vyombo vitupu pasi na mwimbaji. Wasikilizaji huiheshimu, lakini wanachokingojea ni maneno. Mtu hainuki kitini kwenda kumtunza mpiga kanuni kwa sababu ya bashrafu. Huinuka pale mshororo unapomgusa, au unapomgusa jirani yake aliye naye ugomvi. Kwa kipimo hicho, gitaa linalopiga wimbo mashuhuri bila ya maneno yake ni bashrafu isiyofuatwa na kitu, mlango uliofunguliwa na ndani hamna mtu.

Pingamizi hilo lina nguvu, na wapangaji wengi wa nyimbo hizi huzidi kulipa nguvu kwa kazi zao. Hata hivyo lisitufanye tulidharau gitaa lenyewe. Wasikilizaji wa Kiswahili ndio watu wa mwisho wanaohitaji kufundishwa kwamba gitaa moja laweza kuwa kundi zima. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Katanga akiupiga wimbo wa Masanga, na tangu hapo wapigaji wa mabara mengine wamekuwa wakijaribu kuyafuata yale yaliyofanywa na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi na mwendo, cha shahada kikaibua lahani, na baina yao ikazuka sauti ya tatu ambayo hakuna kidole kinachoweza kudai kuwa ni yake. Siri yote ya gitaa la peke yake imo humo.

Kwa nini basi nyimbo za The Beatles, na si za kundi jingine? Jawabu moja limo katika historia. Tarehe 29 Agosti 1966 kundi hilo lilifanya onyesho lake la mwisho la kulipiwa, katika jiji la San Francisco. Kuanzia hapo, ukiacha ile mara moja ya Januari 1969 walipopiga juu ya paa la ofisi zao London, kazi yao ilikuwa ni ya studio. Walikata kanda na kuziunganisha, walibadilisha mwendo wa tepu, waliita okestra. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyimbo zao bora kundi lenyewe halikuzipiga kamwe mbele ya hadhira. Zilizaliwa zikiwa sauti zilizohifadhiwa. John Lennon aliuawa mwaka 1980, George Harrison akafariki mwaka 2001, na mlango huo ukafungwa kabisa. Mtu anayeketi leo na gitaa moja akaupiga Eleanor Rigby kwa mikono yake anaupa wimbo huo jambo ambalo The Beatles wenyewe hawakuupa, yaani kupigwa ana kwa ana, mara moja, bila ya njia ya kusahihisha.

Waliojaribu ni wengi, nami nitawataja watatu. Toru Takemitsu, mtunzi wa Kijapani, alitoa mwaka 1977 mkusanyiko wa nyimbo 12 alizozipanga kwa ajili ya gitaa, na nne kati yake ni za The Beatles: Here, There and Everywhere, Michelle, Hey Jude na Yesterday. Göran Söllscher wa Sweden, mpigaji aliyelelewa katika gitaa la kiklasiki, alitoa albamu nzima ya nyimbo zao mwaka 1995. Na Laurence Juber, mzaliwa wa London aliyepiga gitaa katika kundi la Wings la Paul McCartney kuanzia mwaka 1978 hadi mwisho wake, alitoa albamu ya kwanza ya nyimbo hizo kwa gitaa la peke yake mwaka 2000, na ya pili mwaka 2010. Wote watatu ni mafundi. Lakini ufundi wa vidole hautoshi kuwa kipimo, kwa vile wenye vidole vyepesi ni wengi mno.

Kipimo ninachokipendekeza ni pumzi. Mwimbaji huvuta pumzi mwisho wa mshororo, na pumzi hiyo ni sehemu ya maana. Hapo ndipo msikilizaji hulipokea neno lililotangulia na kulingojea lijalo. Gitaa halina mapafu, linaweza kupigwa usiku kucha lisivute hewa. Mpangaji mbaya huyafurahia hayo, na kila palipo kimya akapajaza madoido. Mpangaji mwema huyaweka maneno moyoni ingawa hayatasikika, akanyamaza pale mwimbaji aliponyamaza. Kwa lugha ya ushairi wetu, wa kwanza ameihifadhi lahani akayapoteza mizani, na wa pili amevihifadhi vyote viwili.

Tuanze na Yesterday, uliorekodiwa Juni 1965, McCartney peke yake na gitaa, kisha zikaongezwa fidla mbili, viola na chelo. Wimbo huu unajulikana mno kiasi kwamba watu hawausikilizi tena. Lakini anayehesabu mizani atagundua jambo. Nyimbo nyingi za aina hiyo hujengwa kwa beti za vipimo 8, na sikio limekwisha kuzoea shufwa hiyo. Ubeti wa Yesterday una vipimo 7. Huishia kabla ya pale msikilizaji alipotarajia, na ubeti wa pili huanza kana kwamba msemaji hakuweza kustahimili kimya. Ni upungufu wa makusudi katika wimbo wenyewe unaozungumzia kupungukiwa. Sasa wasikilize wapigaji wa gitaa. Wengi huivuta kordi ya mwisho, wakaipamba, wakaongeza kipimo cha nane ili ubeti upate kukaa sawa. Wamesahihisha kisichokuwa kosa. Ni sawa na mhariri anayeikuta mizani imepunguzwa kwa hikma katika shairi, naye akaichomeka silabi.

Eleanor Rigby wa mwaka 1966 una mtihani wa aina nyingine. Katika rekodi yake hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyepiga chombo. Zinazosikika ni fidla nne, viola mbili na chelo mbili, zilizopangwa na George Martin, na juu yake sauti za waimbaji. Kordi zake ni mbili tu, na kisa chake ni cha mwanamke mpweke na padri mpweke wanaokutana katika mazishi. Mtu angedhani kwamba wimbo unaotegemea kisa hauwezi kupona ukivuliwa maneno. Lakini katika kiitikio imo sauti ya ndani inayoshuka hatua fupi fupi, mfano wa mtu anayeteremka ngazi gizani, na mwishoni lahani mbili zilizokuwa zimetenganishwa huimbwa kwa pamoja bila ya kuafikiana. Watu wawili wamo katika chumba kimoja na hawaonani. Hayo yamo katika sauti zenyewe, na nyuzi sita zinaweza kuyabeba. Mpangaji anayezishika lahani mbili hizo mwishoni, hata kwa kuutoa mhanga uzito wote wa zile chelo, amekisimulia kisa. Anayeishika moja na kuizungushia kordi amesimulia robo yake.

Ugumu wa Blackbird umepinduka. Huu, uliorekodiwa Juni 1968, tangu awali ni wa gitaa kavu moja, sauti ya McCartney, na mguu wake unaogonga sakafu. Mwenyewe amepata kueleza kwamba upigaji wake ulichipuka katika kipande cha Bach ambacho yeye na Harrison walijifunza ujanani. Nyuzi mbili hupanda na kushuka sambamba, na uzi wa kati ukaachwa ulie mfululizo. Kwa kuwa gitaa lake linapendeza hata likiwa peke yake, wapigaji wengi huridhika nalo. Hupiga kile kilichokuwa chini ya sauti wakakiita wimbo. Hapo kuna kiti kitupu na hakuna aliyejishughulisha kukitazama. Kazi hasa ni kuipata nafasi ya sauti ya mwimbaji katika vidole vilivyokwisha kujaa, na hakuna njia ila kupunguza: kuuacha ule uzi wa kati ukalia mara chache zaidi ili lahani ipate kusikika. Asiyekubali kupoteza chochote katika wimbo huu huupoteza mwimbaji.

Wimbo mgumu kupita yote, kwa maoni yangu, ni Julia, uliorekodiwa Oktoba 1968, ambao Lennon aliuimba na kuupiga peke yake. Mtindo wake wa kuchambua nyuzi alikuwa ameupata India mwaka huo huo kutoka kwa mwimbaji Donovan. Julia ni jina la mama yake, aliyegongwa na gari akafa mwaka 1958, mtoto akiwa na umri wa miaka 17. Lahani yake huanza kwa noti moja inayorudiwa na kurudiwa, na kordi ndizo zinazobadilika chini yake. Ni desturi ya Lennon: McCartney hupenda lahani inayotembea, na Lennon hukaa mahali pamoja akauacha ulimwengu umzunguke. Katika sauti ya binadamu noti ile moja haichoshi, kwa sababu kila silabi ina umbo lake. Lakini ipeleke katika gitaa, neno liondoke, na utasikia nyundo inayogonga msumari.

Lipo jawabu, nalo limo katika umbile la chombo. Noti moja ile ile hupatikana katika gitaa mahali zaidi ya pamoja: katika uzi mwembamba hutoka nyeupe na kali, katika uzi mnene zaidi, juu kidogo ya shingo, hutoka yenye kiza na upole. Mpigaji aliyeyaweka maneno moyoni aweza kuibadilisha rangi ya noti kila silabi ilipobadilika. Masikio hayatasikia neno, lakini yatasikia kwamba kuna mtu anayesema. Ni jambo dogo na linahitaji subira kubwa, kwani mkono wa kushoto hulazimika kusafiri mbali ili kurudi pale pale. Nionapo mpigaji amechukua taabu hiyo kwa ajili ya noti ambayo angeweza kuipiga kwa kidole kimoja bila ya kusogea, najua kwamba hapo pana msomaji wa mashairi.

Zipo pia nyimbo zisizokubali, na mpangaji mwenye busara huziacha. Hey Jude wa mwaka 1968 una zaidi ya dakika 7, na zaidi ya nusu yake ni kiitikio kimoja kinachoimbwa na umati. Maana yake imo katika umati wenyewe: mmoja alianza kumliwaza mwenziwe, na mwisho watu wote wanamliwaza. Gitaa moja laweza kukirudia kiitikio hicho, lakini haliwezi kuwa watu wengi, na marudio bila ya watu ni marudio tu. Vivyo hivyo A Day in the Life wa mwaka 1967, unaomalizikia kwa kordi moja ya piano kadhaa inayochukua zaidi ya sekunde 40 kufifia, huku mafundi mitambo wakiipandisha sauti kila inapozidi kufa. Uzi wa gitaa kavu hufa katika sekunde chache. Chombo hiki ni cha mambo yapitayo upesi, na asiyelikubali hilo hupigana na mbao.

Turejee kwa wale mafundi. Takemitsu na Juber wanasimama pembe mbili za sanaa hii. Takemitsu huusoma wimbo kama mgeni wa mbali aliyeupenda. Kordi zake ni nzito kuliko za asili, zina kivuli, na sauti za ndani hutambaa mahali ambapo The Beatles waliweka kordi tupu. Mara chache uzito huo huifunika lahani, na msikilizaji akabaki na Takemitsu peke yake. Lakini mara nyingi zaidi, na hasa katika Here, There and Everywhere, kivuli kile huonesha kwamba furaha ya wimbo ilikuwa na hofu ndani yake. Kafanya kazi ya takhmisa halisi, kwa kuwa ameongeza na bado mwenye nyumba anasikika.

Juber ni mtu wa ndani. Alifanya kazi na McCartney, na anayajua mapito ya besi yake kwa karibu. Mara nyingi huzikaza nyuzi zake kwa mfumo wa re, la, re, sol, la, re, ambao ukipigwa wazi hauna ile noti inayoitofautisha kordi ya furaha na ya huzuni. Sauti yake huning'inia baina ya hizo mbili, na nyuzi zilizo wazi humpa mvumo unaomwachia vidole huru. Kwa njia hiyo analirudisha kundi zima: besi inatembea, kordi zinagonga, lahani inaimba juu. Nguvu yake ndiyo hatari yake. Wakati mwingine tunalistaajabia kundi lililoingia katika sanduku moja, tukasahau kuuliza wimbo ulikuwa unasema nini. Ukinilazimisha kuchagua, nitamsikiliza Juber nikitaka kuchangamka, na Takemitsu nikitaka kuuelewa wimbo.

Hatari kubwa kwa sanaa nzima, hata hivyo, ni starehe. Wimbo uliovuliwa maneno huwa mwepesi kuwekwa popote. Hauudhi, haumsuti mtu, haumkatishi anayekula. Tunalijua hilo kwa nyimbo zetu wenyewe. Mara ngapi lahani ya wimbo wa taarabu, ambao zamani maneno yake yaliwahi kutia watu machozi, imepigwa katika ukumbi wa hoteli kwa wageni wanaochagua kati ya pweza na kamba? Hakuna aliyeiba chochote, lahani ni ile ile. Kilichotoweka ni dai la wimbo juu ya msikilizaji. Nyimbo za The Beatles zimepatwa na hayo zaidi ya nyimbo nyingi duniani, na gitaa kavu, kwa upole wake, limekuwa mojawapo ya vyombo vya kuzilaza usingizi.

Ndiyo maana swali la adabu ya mpangaji lina uzito, wala si ubishi wa mafundi peke yao. Takhmisa ilituhifadhia tungo za wazee kwa kuwa kila aliyeongeza alilazimika kwanza kuyasoma maneno ya aliyemtangulia hadi akayajua kwa moyo. Anayepunguza ana wajibu mzito zaidi. Aliyeongeza vibaya ametuachia asili ndani ya kazi yake, tunaweza kuitenga na kurudi nayo nyumbani. Aliyepunguza vibaya anatuachia ganda, na mtoto anayelisikia kwa mara ya kwanza hajui kwamba palikuwa na kiini.

Alhasili, wimbo ukivuliwa maneno hubakia mizani yake, pumzi zake, sauti zake za ndani, na ile noti moja inayorudiwa na mtu anayemwita mama yake. Hayo ni mengi, na yanatosha kuitwa shairi, kwa sharti kwamba mwenye gitaa ameyasoma maneno kabla ya kuyaacha.